Kurudi Kwenye Kazi ya Kuandika Programu Baada ya Miaka ya Malezi: Mwongozo Kamili

Wanaorudi kwenye fani baada ya kukaa nyumbani na watoto hukwama sehemu mbili zilezile. Wengine huanza kozi, wakaimaliza, wakaanza nyingine, mpaka mwaka unakatika hawajaomba kazi hata moja. Wengine huitoa CV ya miaka sita iliyopita, wakabadilisha namba ya simu, wakaituma sehemu arobaini, na simu haiiti.

Wote wamekosa kitu kimoja: ushahidi wa karibuni. Anayeajiri anataka kujua kama ukikaa mbele ya kompyuta leo utafanya kazi. Kozi haijibu swali hilo, na CV ya zamani ndiyo kabisa.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyewahi kuandika programu kwa mshahara, akakaa nyumbani miaka miwili hadi kumi, na sasa anaweza kupata saa 10 kwa wiki. Kwa saa hizo, tenga wiki 12 kabla ya kuanza kuomba kazi. Ukiwa na saa 5 tu, hesabu wiki 24, wala usijidanganye kuwa utaziba kwa kukesha.

## Mahitaji

- Kompyuta yenye RAM ya GB 8 au zaidi, na diski ya SSD. GB 16 ni raha zaidi, maana kontena (kisanduku kinachoendesha programu ikiwa imetengwa na mashine nyingine) na kivinjari vikifunguliwa pamoja GB 8 huisha upesi. Kama mashine yako ya zamani ina diski ya kuzunguka, ibadilishe kwanza kwa SSD kabla hujafikiria kununua mpya. Kama inatumia Windows 10, kumbuka msaada wake wa kawaida ulikoma Oktoba 14, 2025. Hamia toleo jipya au weka Linux.
- Saa 10 za wiki zilizo kwenye ratiba, na mtu anayejua kuwa saa hizo watoto ni wake.
- Mradi wako mmoja wa zamani: ule wa chuoni, wa rafiki, au wako binafsi. Msimbo wa mwajiri wa zamani hauhesabiki. Si mali yako, hata kama kila mstari uliuandika wewe.
- Akaunti ya GitHub au GitLab (tovuti za kuhifadhi msimbo) yenye uthibitisho wa hatua mbili, na barua pepe inayoeleweka.
- Daftari la karatasi. Sababu yake iko hatua ya 1.
- Mtu mmoja aliye kazini sasa kwenye fani yako, atakayekubali kuangalia kazi yako mara mbili tu katika wiki zote 12.

## Hatua ya 1: Funga saa kabla ya kufungua kitabu (wiki ya 1)

Gawa saa 10 hivi: vipindi vitano vya dakika 90, na kimoja cha saa mbili na nusu siku ya mapumziko. Usikubali kipindi cha dakika 30. Dakika 15 za mwanzo huishia kwenye kukumbuka ulipoachia, na katika nusu saa hakuna kazi ya maana inayobaki.

Kila unapofunga, andika kwenye daftari mstari mmoja: "Nikirudi, naanza na hiki." Andika jina la faili, namba ya mstari, na ulichokuwa unajaribu. Mtoto akiugua, kazi ikalala siku nne, mstari huo ndio utakaokurudisha.

Tahadhari: usiweke vipindi vyote usiku watoto wakishalala. Wiki mbili za kwanza utaweza, ya tatu utaanza kusoma sentensi moja mara tano. Angalau vipindi viwili viwe mchana au alfajiri.

Umefaulu ukiona: umetimiza saa 8 kati ya 10 kwa wiki mbili mfululizo. Usipofika hapo, rekebisha mpango wa malezi kwanza. Ratiba isiyotosha kujifunza haitatosha kufanya kazi.

## Hatua ya 2: Acha matangazo yakuchagulie cha kujifunza (wiki ya 1)

Kusanya matangazo 20 ya kazi moja tu, kwa mfano mtengenezaji wa upande wa seva, yote ya ngazi unayoilenga. Chora jedwali: kila zana safu yake, kila tangazo mstari wake, na alama panapotajwa.

Kilichotajwa kwenye matangazo 10 au zaidi ni lazima. Kilichotajwa kati ya 5 na 9 kiwe cha baadaye. Chini ya 5, kisahau, hata kama mtandaoni wanakipigia debe vipi.

Matangazo huandika zaidi ya kinachohitajika. Anayedai zana 14 kwa kawaida anatumia sita, nyingine aliziokota kwenye tangazo la mwenzake. Ndiyo maana tunahesabu 20, si moja.

Umefaulu ukiona: una orodha ya vitu visivyozidi sita. Utashangaa vingapi unavijua tayari. SQL haijahama, wala Linux, wala Git (zana ya kutunza historia ya msimbo).

## Hatua ya 3: Fufua mradi wa zamani (wiki ya 2 hadi ya 6)

Hapa ndipo penye uzito wote, na ndipo watu hupapita mbio. Mradi wa zamani una faida ambayo hakuna kozi inayo: kila kinachovunjika ndani yake kinakuonyesha hasa kilichobadilika tangu uondoke. Hulazimiki kubahatisha mapengo yako, programu yenyewe itakutajia moja moja. Mwishoni unabaki na kitu ambacho mwajiri yeyote wa programu anakielewa, kwa sababu kuhamisha mfumo mkongwe kwenda toleo jipya ni kazi ya kila siku maofisini.

Kama huna mradi kabisa, tafuta programu huria ndogo iliyoachwa miaka mitano iliyopita, yenye leseni inayoruhusu, na ifanye yako.

3.1 Iendeshe kama ilivyokuwa. Usihuishe chochote bado. Weka kontena la toleo lilelile la zamani. Kwa mradi wa Python 2, kwa mfano:

`docker run -it --rm -v "$PWD":/kazi -w /kazi python:2.7 bash`

Sababu: ukianza kuhuisha kitu ambacho hujawahi kukiona kikifanya kazi, ukikutana na kosa hutajua kama ni la leo au lilikuwepo tangu zamani. Toleo hilo kongwe libaki ndani ya kompyuta yako, usilifungulie mlango wa intaneti.

3.2 Andika majaribio 10. Hapa chukua programu jinsi inavyofanya, si jinsi inavyopaswa kufanya. Ingiza data, rekodi jibu, liwe jaribio. Usiruke sehemu hii, na mfano huu unaonyesha kwa nini.

Python 2 ilikoma Januari 1, 2020. Ukiipeleka programu kwenye Python 3, mstari `print "Jumla"` utagoma papo hapo, utaambiwa mabano yamekosekana. Kosa la namna hiyo halina shida, linapiga kelele. Lakini mstari `wastani = 7 / 2` hautagoma. Python 2 ilitoa 3. Python 3 inatoa 3.5. Hakuna onyo, hakuna rangi nyekundu, ripoti inachapishwa vizuri na namba siyo. Mwenye majaribio ataliona ndani ya sekunde mbili, akaweka `//` pale anapotaka namba kamili. Asiye nayo ataonyeshwa na mtu mwingine, pengine kwenye usaili.

PHP ina mtego wa aina hiyo hiyo. Vitendakazi vya `mysql_query` viliondolewa tangu toleo la 7.0, na hilo litapiga kelele, hamia PDO, njia nyingine ya PHP kuzungumza na hifadhidata. Ila kulinganisha `0 == "abc"` kulikuwa kweli mpaka toleo la 7, na kuanzia la 8 ni uongo, kimya kimya. Kwenye Java, ukitoka 8 kwenda 11 utakuta vifurushi vya `javax.xml.bind` havimo tena, na ukipanda hadi Spring Boot 3 (mfumo wa kujengea programu za Java) utatakiwa Java 17 na kubadilisha majina mengi ya `javax` kuwa `jakarta`.

3.3 Panda ngazi moja moja. Kwanza toleo la lugha, kisha mfumo mkuu (framework), mwisho maktaba ndogondogo. Kila ngazi: endesha majaribio, rekebisha, hifadhi kwenye Git na ujumbe unaoeleza kwa nini. Ukihuisha vyote kwa mpigo utapata makosa 60 yaliyofungamana kama nyuzi, na hapo ndipo wengi hufunga kompyuta na kwenda kununua kozi.

3.4 Peleka mtandaoni. Kabla ya kupeleka, pekua nywila na funguo zilizosahaulika kwenye faili za mipangilio. Ukizikuta, kuzifuta kwenye faili hakutoshi, kwa sababu historia ya Git bado inazo. Kwanza badilisha nywila yenyewe kule inakotumika, halafu ndipo usafishe historia au uanze ghala jipya (repository, yaani folda ya mradi inayotunzwa na Git).

Ukifika kwenye `git push`, jiandae kukutana na makosa mawili yanayowachanganya waliorudi:

- GitHub inakataa nenosiri lako japo ni sahihi. Tangu Agosti 13, 2021 haipokei nenosiri la akaunti kwa kazi za Git. Tengeneza ufunguo: `ssh-keygen -t ed25519`, kisha weka kwenye akaunti maandishi ya faili linaloishia na `.pub`. Lile lisilo na `.pub` halitoki nje ya kompyuta yako kamwe. Badilisha pia anwani ya ghala iwe ya SSH (njia inayotumia ufunguo huo), la sivyo utaendelea kuulizwa nenosiri.
- `src refspec main does not match any`. Tawi lako la zamani linaitwa `master`, maghala mapya yanatarajia `main`. Andika `git branch -m master main`, sukuma tena.

3.5 Andika faili la maelezo. Mambo manne tu: programu inafanya nini, inaendeshwaje, ulihuisha nini kutoka toleo gani kwenda lipi, na tatizo moja gumu ulilitatuaje. Hilo la nne ndilo litakalosomwa.

Umefaulu ukiona: yule mtu wako aliye kazini amefuata maelezo kwenye kompyuta yake, bila kukupigia simu, na programu imewaka ndani ya dakika 15. Akikwama, kosa ni la maelezo yako, si lake.

## Hatua ya 4: Ziba mapengo mawili, si kumi (wiki ya 5 hadi ya 9)

Rudi kwenye jedwali la hatua ya 2. Chagua vitu viwili vya lazima ambavyo ufufuo haukuvigusa. Mara nyingi kimoja ni kontena pamoja na wingu, kingine ni mfumo wa upande wa kivinjari. Kozi moja kwa kila kimoja, na kanuni: saa moja ya kutazama, saa mbili za kujenga, ndani ya mradi uleule uliofufua. Miradi mitatu nusunusu haimshawishi mtu.

Kama ulikuwa unaandika React (maktaba ya JavaScript ya kujengea kurasa) kabla ya 2019, soma `hooks` (vitendakazi vya kuandika vijenzi bila darasa) zilizoingia toleo la 16.8. Vijenzi vya darasa bado vinafanya kazi, lakini msimbo mpya utakaoukuta ofisini hauandikwi hivyo.

Wasaidizi wa akili mnemba wanaoandika msimbo wameingia maofisini tangu 2022, na utaulizwa kuwahusu. Wape kazi ya kukueleza kosa na kupendekeza majaribio. Usibandike usichoweza kukieleza mstari kwa mstari, kwani huwa wanabuni majina ya maktaba na vitendakazi visivyokuwepo, kwa kujiamini kabisa. Kipindi kimoja kwa wiki wazime. Kwenye usaili huenda usiwe nao.

Kwa watu wa mitandao na seva: angalia vyeti kabla ya chochote. CCNA (cheti cha mitandao cha Cisco) na vyeti kama Network+ na Security+ hudumu miaka 3. Kikikwisha muda unafanya mtihani upya, na CCNA ilibadilishwa yote Februari 2020, kwa hiyo vitabu vya kabla ya hapo viweke kando. Mradi wako wa kufufua uwe maabara ndogo: seva moja ya CentOS 7, ambayo msaada wake uliisha Juni 30, 2024, ihamishie kwenye mfumo unaohudumiwa, na uandike kila hatua.

## Hatua ya 5: CV yenye kurasa mbili (wiki ya 9)

Mpangilio, kutoka juu: mistari mitatu ya utangulizi; ujuzi; miradi ya karibuni; kazi za zamani; elimu. Mradi uliofufua ukae juu ya kazi za zamani ili tarehe ya kwanza msomaji anayokutana nayo iwe ya mwaka huu.

Pengo liandike kwa mstari mmoja, mahali pake kwenye mfuatano wa miaka:

> 2019–2025: Malezi ya watoto, muda wote. Nimerudi kwenye fani. Tazama Miradi ya Karibuni.

Basi. Usijiite "meneja wa kaya" wala kuorodhesha ujuzi wa kutuliza ugomvi wa watoto. Malezi ni kazi nzito, lakini msomaji wa CV ya fundi atadhani unaficha kitu. Usifiche pia, ukifuta miaka, yeye atajaza nafasi hiyo kwa dhana mbaya kuliko ukweli.

Sentensi ya mradi iwe na kitenzi na kipimo: "Nilihamisha programu ya mistari 4,000 kutoka Python 2.7 kwenda 3, nikaandika majaribio 32, nikagundua hitilafu tatu za hesabu zisizotoa onyo." Weka namba zako halisi, kwa sababu utaulizwa.

Hifadhi kama PDF ya maandishi, si picha. Jaribu kunakili maneno kutoka humo. Yasiponakilika, mifumo inayochuja CV nayo haitayasoma.

## Hatua ya 6: Watu kwanza, matangazo baadaye (wiki ya 10 na kuendelea)

Kwenye lundo la maombi, pengo lako ni sababu rahisi ya kukuweka kando. Kwa mtu aliyewahi kufanya kazi nawe, ni habari tu. Kwa hiyo andika majina 15 ya wenzako wa zamani na uwatumie ujumbe watano kila wiki. Usiombe kazi, omba dakika 20:

> Habari za siku nyingi, dada. Ni mimi tuliyekuwa wote kwenye timu ya malipo. Miaka hii nilikuwa nyumbani na watoto, sasa narudi kazini. Nimemaliza kuhamisha mradi kwenda toleo jipya, kiungo hiki hapa. Naomba dakika 20 wiki hii au ijayo unieleze timu yenu inatumia zana gani siku hizi. Nitapanga kulingana na nafasi yako.

Asipojibu, mkumbushe mara moja baada ya siku saba, kisha mwache apumue. Mazungumzo yakienda vizuri, yeye mwenyewe ndiye atakayeuliza kama unatafuta kazi.

Zipo pia kampuni zenye programu maalumu za kurejea kazini, ambazo kwa kawaida huchukua wiki kadhaa hadi miezi michache. Kabla ya kujiunga uliza mambo matatu: inalipa? Wangapi wa awamu iliyopita waliajiriwa? Nani atakuwa msimamizi wangu wa kila siku? Wakijing'ata ulimi kwenye la pili, umeshapata jibu.

## Hatua ya 7: Usaili

Swali la pengo litakuja, na jibu lake ni sentensi tatu, sekunde 30: nilikuwa nyumbani na watoto, sasa malezi yamepangika, miezi mitatu iliyopita nimefanya hiki na hiki. Kisha funga mdomo. Kinachowaangusha wengi ni kuomba radhi: wanaeleza, wanajitetea, wanaeleza tena, mpaka dakika kumi za usaili wa kiufundi zimeliwa na habari za chekechea.

Fanya mazoezi ya maswali 30 ndani ya wiki tatu, kila moja dakika 25, ukiongea kwa sauti. Ukimya ndio uliozoeleka ukiwa peke yako, lakini msaili hawezi kuona unachofikiri. Ukikwama, sema ulichokijaribu na kwa nini hakikufaa.

Nawe uliza: zamu za dharura za usiku zikoje, na mtu huitwa mara ngapi kwa mwezi? Kwa mwenye watoto wadogo hili lina uzito kuliko saa za kuingia ofisini.

Umefaulu ukiona: katika maombi 10 kupitia watu unaitwa angalau mara mbili. Huitwi kabisa? Shida ni CV au mradi, rudi hatua ya 5. Unaitwa lakini hupiti? Ongeza mazoezi ya kuongea, usiongeze kozi.

## Hatua ya 8: Mkataba na siku 90 za mwanzo

Usitaje mshahara wako wa zamani kama kianzio, maana ni bei ya mwaka mwingine. Uliza kiwango kilichotengewa nafasi hiyo. Kushuka ngazi moja kunaweza kufaa ikiwa tathmini baada ya miezi sita imeandikwa kwenye mkataba. Ngazi mbili kataa. Kupanda tena kutakula miaka.

Ukishaanza, lenga badiliko moja dogo liingie kwenye mfumo halisi ndani ya wiki mbili za kwanza, hata kama ni kurekebisha neno lililokosewa. Njia ya kutoka kwenye kompyuta yako hadi kwa mtumiaji ndiyo iliyobadilika kuliko lugha yenyewe, na utaijua kwa kuipita. Ukikwama dakika 30, uliza, ukionyesha ulichojaribu.

Wiki moja kabla ya kuanza kazi, fanya jaribio la malezi kwa siku tatu kamili: watoto waende wanakokwenda, nawe utoke au ukae kwenye meza yako saa zilezile za kazi. Watoto wanaoanza kuchanganyika na wenzao huugua mara kwa mara miezi ya mwanzo, kwa hiyo uwe na majina mawili ya akiba yaliyokwisha kukubali, si yanayodhaniwa. Siku ya pili ya jaribio, mpigie mmoja wao saa 12 asubuhi bila kumtaarifu jana yake, uone kama anapokea.